Mji Mkongwe na fundi anayebakishiwa dakika 20

Ratiba za matembezi binafsi ya Mji Mkongwe, Unguja, zimefanana kiasi kwamba ukisoma moja umezisoma zote. Mgeni huchukuliwa hotelini au bandarini saa tatu asubuhi. Hupitishwa Soko la Darajani, kanisa la Mkunazini, vichochoro vya Hurumzi na Gizenga, Ngome Kongwe na Forodhani. Mwisho kabisa, jua likiwa utosini na miguu imeshachoka, huingizwa kwa fundi "kujifunza ufundi wa asili". Hapo hubaki dakika 20. Hushika ukindu, majani ya kusukia mikeka, hupigwa picha, huoneshwa rafu yenye vikapu vya kuuza, na safari imekwisha.

Wengi hulaumu tamaa ya kuuza. Kuuza si kosa, fundi anaishi kwa kuuza. Tatizo liko katika mambo mawili yanayoamuliwa kabla mgeni hajatoka mlangoni: saa aliyopangiwa fundi, na fungu ambamo malipo yake yamechanganywa. Ukiyarekebisha hayo mawili, mengine mengi hujirekebisha yenyewe. Ukiyaacha, hata mtembezaji mahiri atakupeleka dukani akidhani amekupeleka darasani.

Tuanze na saa. Kazi ya ukili, yaani msuko mrefu mwembamba unaoshonwa ubavu kwa ubavu kuwa mkeka, inataka chane (vipande vyembamba vya jani) zenye unyevu wa kadiri. Saa sita mchana, kwenye ua usio na kivuli, uchane uliolowekwa hukauka mkononi kabla anayejifunza hajamaliza mkunjo wa kumi, na uchane mkavu hukatika pale pale unapokunjwa. Fundi naye saa hizo anasikilizia adhana ya adhuhuri na chungu kilicho jikoni. Huwezi kumlaumu akifupisha somo. Asubuhi saa tatu na nusu hali ni tofauti: kuna upepo, kivuli bado kipo upande mmoja wa ua, na mwalimu hana haraka.

Kwa hiyo mpangilio wenye akili ni kuanza Darajani saa mbili, wakati samaki wameshafika na wanunuzi bado wanashindana bei. Soko hilo lilijengwa 1904, kando ya mkono wa bahari uliokuwa ukitenga Mji Mkongwe na Ng'ambo kabla haujafukiwa. Nusu saa inatosha, zaidi ya hapo ni harufu tu. Kutoka hapo Mkunazini ni mwendo wa dakika chache. Ukitoka Mkunazini, nenda kwa fundi moja kwa moja ukae saa mbili kamili, na milango na majumba yasubiri baadaye. Anayependelea jioni aanze kwa fundi saa tisa alasiri, kisha atembee jua likiwa limelala, maana mwanga wa pembeni ndio unaoonesha kina cha nakshi, na amalizie Forodhani meza za vyakula zinapopangwa.

Mkunazini panahitaji neno la ziada, kwa kuwa ndipo penye kupimia mtembezaji. Soko la watumwa lilifungwa 1873, baada ya Sultan Barghash kutia saini mkataba chini ya shinikizo la Waingereza, na Kanisa Kuu la Kianglikana likaanza kujengwa hapo hapo mwaka huo huo. Nje kuna sanamu za watu waliofungwa shingoni, zilizowekwa 1998. Karibu yake kuna vyumba vya chini ya ardhi ambavyo wageni huambiwa watumwa walifungiwa humo wakisubiri mnada. Wapo wanahistoria wanaotilia shaka maelezo hayo, kwa sababu jengo lililo juu ya vyumba hivyo ni la misheni, la baada ya soko kufungwa. Mtembezaji anayejua kazi yake atakueleza yote mawili, na uzito wa mahali hautapungua hata kidogo. Anayekupa simulizi moja tu, kwa sauti ya kuigiza, atakupa simulizi moja tu kwa fundi pia.

Sasa ukili wenyewe. Ndio ufundi unaofaa kuliko wote kwa matembezi ya nusu siku, na ndio unaodharauliwa kuliko wote, labda kwa sababu kila nyumba ya pwani iliwahi kuwa na mkeka.

Malighafi ya mkeka mzuri ni ukindu, yaani majani ya mkindu. Miyaa ni migumu zaidi, huenda kwenye majamvi na vikapu vya kazi. Makuti machanga ya mkindu, yale ambayo hayajafunguka, hukatwa, majani yake hutenganishwa, kisha huanikwa juani siku kadhaa mpaka yageuke meupe. Yanayotakiwa rangi huchemshwa katika sufuria ya maji yenye rangi ya unga hadi rangi ikolee, halafu huanikwa tena. Kisha huchanwa kwa ukucha au kisu kidogo kupata chane za upana mmoja. Kabla ya kusuka hunyunyiziwa maji na kuviringishwa kwenye kitambaa chenye unyevu, nusu saa hivi. Mgeni wa dakika 20 hazioni hatua hizi hata moja. Hukuta chane zimeshaandaliwa, akaondoka akiamini kuwa kazi yote ni vidole kupishana.

Kwa anayeanza, chane tano zinatosha, kila moja ya nusu sentimita. Hufungwa pamoja kichwani, kichwa kikabanwa kwa dole gumba la mguu. Gawanya: tatu kulia, mbili kushoto. Uchane wa nje kabisa kulia unakunjwa ndani kwa mshazari, unapita juu ya jirani yake, chini ya unaofuata, na unahamia upande wa kushoto. Sasa kushoto ndiko kuna tatu: wa nje wa kushoto nao unakunjwa, juu, chini, unahamia kulia. Ni hivyo hivyo mpaka mwisho. Mikeka ya kweli hutumia chane nyingi zaidi kwa ukili mmoja, na michoro yake hutokana na kuhesabu ni ngapi unaruka juu na ngapi unapita chini, lakini kanuni haibadiliki.

Ugumu huja pale jani linapoisha. Ukindu ni mfupi, kwa hiyo kila baada ya mikunjo kadhaa lazima uunge: uchane mpya unalazwa juu ya ule unaoisha, zikisukwa zote mbili pamoja kwa mikunjo miwili au mitatu, na ncha zote mbili huachwa zichomoze nje, zikatwe baadaye. Wanaoanza huharibu hapa. Huunga chane mbili mahali pamoja, na ukili ukivutwa hukatikia hapo hapo. Kosa jingine ni kulowesha mno: ukili hutoka umebana vizuri, halafu ukikauka chane husinyaa na kuacha mianya. Chane zisizolingana upana huupinda ukili kama upinde, na ukili uliopinda haushonwi. Mwenye mkono wa kulia wenye nguvu huvuta upande huo zaidi, ukili ukajisokota. Mwalimu mzuri huona hilo kabla ya shibiri ya kwanza kwisha, na humfumua mwanafunzi bila huruma.

Kufumuliwa ndiko darasa lenyewe. Karakana isiyomfumua mgeni, ikamwambia "umepatia sana" huku upande mmoja umelegea, inamuuzia furaha. Kuna wanaoona hilo halina ubaya. Mimi naona ni kumnyima kitu alicholipia.

Angalia pia namna mwalimu anavyoketi. Akikaa mbele ya mwanafunzi, kulia kwake ni kushoto kwa mwingine, na dakika kumi za kwanza huishia kwenye kuchanganyikiwa. Anapaswa kukaa ubavuni. Hiyo ndiyo sababu ya kimsingi ya kutozidi wanafunzi wanne kwa mwalimu mmoja: hana mbavu nne, lakini angalau anaweza kuwazunguka. Familia ya watu wanane idai walimu wawili, au igawane zamu.

Kwa saa mbili mtu anayeanza atatoka na kipande cha kutosha bangili au alamisho la kitabu. Anayeahidiwa kuondoka na kikapu alichokisuka mwenyewe ajue kuwa kikapu hicho kilishasukwa na mwingine, yeye ataongeza mshono wa mwisho. Hesabu ni nyepesi. Mkeka wa mita mbili kwa mita moja, ukitumia ukili wa sentimita tano, unataka mita 40 za ukili kabla ya kushona. Hata tukimpa msukaji mwendo wa mita moja kwa saa, hizo ni saa 40, bila kuhesabu kukata, kuanika, kutia rangi, kuchana, na kuziunganisha kili ubavu kwa ubavu kwa uzi wa ukindu. Mgeni aliyekwisha kusuka shibiri mbili kwa jasho huacha kupunguza bei ya mkeka. Nadhani hilo peke yake linatosha kumshawishi mwenye karakana kuwa darasa la kweli linauza kuliko rafu.

Ufundi mwingine una mipaka yake, na waandaaji wangefanya vyema kuisema wazi. Kuchonga nakshi za milango kunawezekana kwa nusu siku iwapo mtu atapewa kibao cha sentimita 15 kwa 15, waridi moja iliyokwisha kuchorwa, patasi mbili kali na nyundo ya mbao. Patasi butu ndiyo inayojeruhi, kwa kuwa humlazimu mtu kusukuma kwa nguvu mpaka iteleze. Mkono wa kushoto ubaki nyuma ya makali siku zote, na kuchonga kufuate mwelekeo wa nyuzi za mbao, la sivyo petali ya waridi hubanduka nzima. Kofia ya kushonwa kwa mkono ni kazi ya wiki nyingi, tundu moja moja, na mgeni akifanikiwa kumaliza matundu machache yaliyolingana amefanya makubwa. Hiyo inafaa kutazamwa na kuulizwa maswali kuliko kujaribiwa.

Hina nayo hupachikwa kwenye ratiba kama ufundi, na hapa pana hatari ya kweli. Hina halisi hukaa mkononi kwa saa kadhaa na huacha rangi ya machungwa inayokolea kuwa kahawia baada ya siku moja au mbili. Ile nyeusi ti inayoshika kwa nusu saa, piko, mara nyingi ina dawa ya kutia nywele rangi nyeusi. Dawa hiyo huweza kuunguza ngozi na kutoa malengelenge, wakati mwingine siku kadhaa baadaye, mgeni akiwa ameshapanda ndege. Mtoto asipakwe kabisa. Uliza ni nini kimo ndani, na ukijibiwa "ya kienyeji tu" bila maelezo, vuta mkono.

Fedha sasa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Swali ni mwenyeji yupi anayepona. Chukua mfano: tuseme matembezi ya saa nne yanauzwa shilingi 160,000 kwa watu wawili, "kila kitu kimo". Ndani ya kila kitu hicho mna ujira wa mtembezaji, viingilio, maji ya kunywa, faida ya aliyepokea oda, na fundi. Fundi ndiye wa mwisho kuhesabiwa, na mara nyingi huhesabiwa sifuri, kwa hoja kwamba "ameletewa wateja". Akishahesabiwa sifuri, njia yake ya pekee ya kulipwa ni kuuza, na mtembezaji naye ana cha juu chake kwenye kila kilichouzwa. Hapo kila mtu chumbani, isipokuwa mgeni, ana sababu ya kulifupisha somo na kuirefusha rafu. Hakuna aliye mwovu. Mpangilio wenyewe ndio unaovuta huko.

Dawa yake ni kuyatenganisha malipo. Mtembezaji alipwe kwa saa au kwa safari, viingilio vilipwe mlangoni na mgeni mwenyewe, na fundi alipwe ada ya somo mkononi au kwa simu, kiasi kikiwa kimetajwa tangu siku ya kuweka oda. Ukiuliza "fundi anapata ngapi katika bei hii?" na muuzaji akakwepa, umeshapata jibu. Uliza pia kama unaruhusiwa kutonunua kitu. Swali hilo linasikika la kitoto, lakini namna linavyojibiwa inafichua mengi. Na mtembezaji aoneshe kitambulisho chake cha Kamisheni ya Utalii Zanzibar. Papasi wa bandarini, yaani mtembezaji asiye na kitambulisho, anaweza kuwa mcheshi na mwenye kujua vichochoro vyote, ila likitokea la kutokea huna pa kumshitakia.

Kuna wateja ambao biashara hii imewasahau kabisa, nao ni sisi tunaozungumza Kiswahili. Mtu wa Dodoma, Kampala, Lubumbashi au Muscat akiulizia matembezi, hutajiwa bei ya wenyeji, akapewa matembezi ya harakaharaka na karakana ikafutwa, kwa dhana kwamba mkeka anaujua. Anaujua kuulalia. Kuusuka ni habari nyingine, hasa sasa ambapo mkeka wa plastiki umeingia misikitini, matangani na harusini. Na ndiye mgeni anayeweza kufaidi kuliko mtu yeyote, kwa kuwa hahitaji mkalimani. Akimwamkia Bi mwenye karakana shikamoo, akakaa chini kama wanavyokaa wengine, akauliza aina hii ya ukili inaitwaje na nani alimfundisha, atapata somo ambalo hakuna ratiba ya Kiingereza inayolitoa. Mtembezaji katika hali hiyo aketi kando anywe kahawa.

Baada ya karakana, mji husomeka kwa jicho jingine. Aliyeshika patasi husimama mbele ya mlango wa Hurumzi akaona kazi, si pambo. Ataona mfaa, nguzo ya katikati inayofunika maungio ya mbao mbili, na ataelewa kwa nini nakshi yake ni ya kina kuliko ya kwingine. Atatofautisha milango yenye kizingiti cha juu kilichonyooka, mtindo wa Kiomani wa zamani zaidi, na ile yenye upinde juu yenye mkono wa Kihindi. Ataambiwa kuwa misumari ya shaba ni ya kuzuia tembo. Huko India, ambako mtindo ulitoka, hadithi hiyo ina mahali pake. Unguja ilikuwa ni ufahari wa mwenye nyumba. Akiambiwa kuwa mnyororo uliochongwa pembeni ni ushahidi wa mfanyabiashara wa watumwa, aulize ushahidi uko wapi, kwani nakshi hiyo imeenea mno.

Vyumba vya nyumba hizi ni vyembamba na virefu kwa sababu boriti za mikoko zinazobeba dari hazina urefu wa kuvuka chumba kipana. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na pale unapoona plasta mpya imevimba na kumomonyoka, mara nyingi ni saruji iliyopakwa juu ya ukuta wa chokaa, ikauzuia kutoa unyevu. Huo nao ni ufundi, na unakosa warithi kuliko hata ukili. Beit al-Ajaib, jumba la Barghash la 1883, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Ukiona tangazo linaloahidi kukuingiza ndani, thibitisha kwanza.

Siku ya kwenda ina maana. Ijumaa karakana nyingi husimama kuanzia saa sita hadi baada ya sala, hivyo fanya asubuhi au acha. Mwezi wa Ramadhani somo lifupishwe na lifanywe asubuhi mapema, na mgeni asile wala kunywa barabarani mchana. Wakati wa masika ukindu hunyonya unyevu hewani, rangi hazikauki, na chane zilizohifadhiwa vibaya huota ukungu. Kipindi hicho uliza kama malighafi ipo kabla ya kulipa.

Na ukiamua kununua mkeka hapo hapo, kwa hiari yako, usiutazame ukiwa umeviringishwa. Uinue kwenye mwanga: mianya ikiwa mingi katikati ya ukili, chane zilisukwa mbichi mno, ikiwa kwenye maungio tu, ni ushonaji uliolegea na unaweza kurekebishwa. Pitisha kiganja nyuma yake ili ujue kama ncha zimekatwa. Unuse, kwani ukungu husikika kabla haujaonekana. Kisha lowesha ncha ya kitambaa cheupe, usugue kwenye rangi nyekundu au zambarau. Kitambaa kikitoka na rangi nyingi, mkeka huo utaacha alama kwenye shuka na kanzu, na bei yake ishuke kwa kiasi hicho au uchukue wa rangi ya asili.